Sheria Ndogo za Karatu na Ngorongoro Zisomwe na Anayetozwa

Mkulima wa vitunguu anayetoka Mang'ola na mzigo wake hukutana njiani na mkusanyaji wa ushuru mwenye mashine ya POS. Risiti hutoka kwa sekunde chache: jina la halmashauri, tarehe na saa, kiasi alicholipa, namba ya malipo. Mfumo wa mapato hupokea taarifa hiyo. Kinachokosekana kwa kawaida kwenye kikaratasi hicho ni sheria. Hakuna namba ya tangazo, hakuna kifungu, hakuna jedwali la viwango ambalo mlipaji angeweza kulifungua akiwa bado amesimama pale getini, akajua kama ametozwa sawasawa.

Naanzia getini kwa sababu ndipo watu wengi wanapokutana na sheria ndogo za halmashauri yao. Serikali imefanya kazi kubwa ya kuhamishia malipo mtandaoni. Mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI unamwezesha mfanyabiashara wa Karatu mjini kuomba leseni na kulipa bila kupanga foleni ofisini. Ikiwa dai la fedha limeweza kufika kwenye simu, maandishi yanayolizaa dai hilo yanaweza kufika pia, bure, kwa namna ambayo mtu anaandika neno moja na kuyapata. Hadi sasa dai limetangulia na sheria imeachwa nyuma, na mpangilio huo unampa nguvu anayetoza dhidi ya anayetozwa.

Sheria ndogo za wilaya hutungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287. Zile za ushuru na ada hutegemea Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka huohuo, Sura ya 290. Safari ya sheria ndogo hizi ni ndefu. Mwanasheria wa halmashauri huandaa rasimu, wananchi hutangaziwa kusudio ili watoe maoni, Baraza la Madiwani hujadili na kupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huridhia, kisha huchapwa katika Gazeti la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na kupewa namba.

Ukibahatika kuishika nakala, utaona mpangilio usiobadilika sana. Juu kuna namba ya Tangazo la Serikali na tarehe ya kuchapwa. Hufuata sheria mama na kifungu kilichotumika, kisha jina la sheria ndogo zenyewe, tafsiri ya maneno, vifungu vya wajibu, vya makosa na adhabu, na mwishoni majedwali: gunia kiasi hiki, ng'ombe mnadani kiasi hiki, kibanda sokoni kiasi hiki. Ukurasa wa mwisho ndio wenye uzito kuliko yote, maana ndio unaobeba uhalali. Hapo huandikwa kwamba lakiri ya halmashauri imebandikwa kufuatia azimio la mkutano wa tarehe fulani, ikafuata sahihi ya Mkurugenzi Mtendaji, sahihi ya Mwenyekiti wa Halmashauri, na chini kabisa neno NAKUBALI na sahihi ya Waziri. Mwananchi anayeambiwa "hii ndiyo sheria" ana haki ya kuuona ukurasa huo. Pasipo ukurasa huo, anachoonyeshwa ni tangazo la ofisi tu, hata kama limepigwa muhuri.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inasema katika kifungu cha 8 kwamba kutoijua sheria si utetezi. Kanuni hiyo ni ya kale na ina sababu zake. Bila hiyo kila mtuhumiwa angedai hakuambiwa. Lakini ina sharti lake: anayelazimishwa kuijua sheria lazima awe na njia ya kuifikia. Sheria za Bunge leo zina njia. TanzLII, hazina ya sheria na hukumu inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, inazitoa bure, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana humo kwa kutafuta neno. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Toleo la Urekebu la mwaka 2023, ambalo limeziunganisha sheria kuu na marekebisho yake, na likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Hayo yote ni mafanikio ya kweli. Ila mwenye mbuzi watano mnadani hakutani na Sheria ya Makampuni. Anakutana na sheria ndogo, na ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuipata.

Tovuti za halmashauri zipo, za Karatu na Ngorongoro zikiwemo, zenye umbo moja nchi nzima na sehemu ya machapisho. Shida ni aina ya kinachowekwa katika tovuti kama hizo. Sheria ndogo ikipandishwa, mara nyingi huwa ni picha za karatasi zilizoskaniwa na kufungwa ndani ya PDF, kurasa zimeinama, muhuri umefunika maneno. Kwa kompyuta, picha hiyo haina neno hata moja. Ukitafuta "ushuru wa mazao" au "malisho" hupati kitu, ingawa maneno hayo yako mbele ya macho yako. Na jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba sheria hiyo kabla ya kuchapwa ilipigwa kwenye kompyuta ya ofisi. Maandishi yanayotafutika yalikuwepo, yakapelekwa kwenye karatasi, karatasi ikapigwa picha, na picha ndiyo iliyotolewa kwa umma.

Chukua ushuru wa mazao uone madhara yake. Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliruhusiwa kutoza hadi asilimia 5 ya bei ya zao shambani. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ikapunguza: asilimia 3 kwa mazao ya biashara, asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa ushuru huo. Mabadiliko yaliandikwa kwenye sheria mama. Lakini sheria ndogo za halmashauri, zilizochapwa miaka ya nyuma kwa viwango vya zamani, hazikujirekebisha zenyewe usiku ule. Kisheria jibu ni jepesi: sheria ndogo ikikinzana na sheria mama, sheria mama ndiyo inayoshinda. Pale kwenye kizuizi jibu si jepesi hata kidogo. Mwenye mzigo amesikia redioni kwamba tani moja haitozwi. Mkusanyaji ana kiwango ndani ya mashine yake. Nani ana maandishi? Na kitunguu kihesabiwe zao la chakula au la biashara? Swali hilo linapaswa kumalizwa na jedwali linalosomeka na wote wawili. Likiachwa limalizwe na sauti ya aliye mkali zaidi, mkulima hushindwa karibu kila mara, kwa sababu mzigo wake unaoza na wa mwenzake hauozi.

Karatu ina upande mwingine wa fedha, ule wa utalii. Mji uko njiani kabla ya lango la Lodoare, na hoteli na kambi zimejaa kando ya barabara hiyo. Hizi hudaiwa kodi ya huduma, ambayo hukokotolewa kama asilimia ya mauzo, pamoja na ada nyingine za halmashauri. Hoteli kubwa ina mhasibu na wakili wa kuulizia nakala. Mama anayepangisha vyumba vinne na kuuza chai hana. Tofauti ya kuijua sheria kati ya wawili hawa haitokani na elimu wala bidii. Inatokana na gharama ya kuipata, na gharama hiyo inaweza kuondolewa.

Ukipita Lodoare unaingia mahali ambapo jambo hili linageuka kuwa zito kuliko ushuru. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 8,300, na watu wake wanaishi chini ya mamlaka zaidi ya moja: Mamlaka ya Hifadhi kwa sheria yake, Sura ya 284, Halmashauri ya Wilaya yenye makao yake Loliondo, na serikali za vijiji. Mfugaji anayetaka kujua kama anaweza kulima bustani, kujenga boma jipya au kupitisha ng'ombe mahali fulani anapaswa kusoma maandishi ya mamlaka tatu.

Historia inaonyesha alivyozoeshwa kuishi bila maandishi. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu vilimo vidogo kwa tamko. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Kati ya tamko na marufuku ya pili watu walizaa, walijenga na walilima wakiwa wameegemea neno la kiongozi, huku sheria iliyoandikwa ikisema vingine. Neno la kiongozi linasikika haraka na kufutika haraka. Aliyekuwa na mahindi shambani mwaka 2009 alibaki bila ukurasa wa kuonyesha.

Kisha yakaja matangazo ya Loliondo. Juni 2022 Tangazo la Serikali Na. 421 liliitangaza ardhi ya takriban kilometa za mraba 1,500 kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Oktoba mwaka huohuo Tangazo Na. 604 likaifanya ardhi ileile kuwa pori la akiba. Septemba 2023 Mahakama Kuu, Arusha, ikalibatilisha Tangazo Na. 421 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Mtu wa Ololosokwan au Arash anayesikia kwamba "mahakama imefuta" lazima ajue imefuta lipi kati ya mawili, na lipi limebaki. Matangazo haya ni ya serikali kuu, si sheria ndogo za halmashauri, lakini yanasafiri ndani ya Gazeti lilelile na yanapotea kwa namna ileile. Hukumu yenyewe mtu anaweza kuitafuta kwenye simu. Vijiji vya Loliondo vilipokwenda hadi Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017, maamuzi yake nayo yakawekwa wazi kwa dunia nzima. Mkazi anaweza kusoma bure alichosema jaji kuhusu kijiji chake, huku sheria ya kijiji hichohicho kuhusu malisho ikiwa haipo popote anapoweza kuifikia.

Tukio la Agosti 2024 ndilo lililoniaminisha kwamba hili ni suala la uraia. Tarehe 2 Agosti ilichapwa Amri ya TAMISEMI, Tangazo la Serikali Na. 673, iliyoziondoa kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro. Tarehe 18 maelfu ya wakazi walikuwa barabarani. Tarehe 22 Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake kwa muda. Katika wiki hizo mbili na ushei tangazo lilikuwa tayari ni maandishi yenye nguvu ya kisheria, lakini hapakuwa na mahali palipozoeleka ambapo mkazi wa Endulen au Nainokanoka angeandika jina la kijiji chake na kuliona. Na tuangalie kilichokuwa hatarini. Kijiji kikifutwa, halmashauri ya kijiji inafutika nacho, na sheria ndogo zake za malisho, za maji na za moto zinakosa mwenyewe. Tangazo la kurasa chache linaweza kuondoa msingi wa sheria zote za mahali.

Nchi jirani hazikusubiri hadi kila mwananchi awe na simu nzuri. Kenya ina Kenya Law, chombo cha serikali kinachotoa bure sheria na hukumu, na baada ya ugatuzi kikaanza kukusanya pia sheria za kaunti 47. Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa umma. Kesi ya namna hiyo inataka mtu awe na sheria mkononi, alinganishe kilichotangazwa na kilichopitishwa, akione kilichoongezwa. Afrika Kusini, mradi wa Open By-laws umeziweka mtandaoni sheria ndogo za miji kama Cape Town, Johannesburg na eThekwini, kila kifungu kikiwa na anuani yake. Shirika la Laws.Africa la Cape Town linalofanya kazi hiyo ndilo pia limeshiriki kujenga teknolojia inayoendesha TanzLII. Maana yake chombo kimekwisha kujengwa na kiko mikononi mwa Mahakama yetu.

Wala hakuna kizuizi cha hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haizilindi sheria na maamuzi ya mahakama kama mali ya mtunzi. Marekani walihitaji kufika Mahakama ya Juu, mwaka 2020, katika kesi ya jimbo la Georgia dhidi ya Public.Resource.Org, ili kuamua kwamba hata maelezo rasmi yanayoambatana na sheria hayawezi kufungiwa na hakimiliki. Sisi tumeliandika tangu mwanzo.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya mikono, na sehemu ngumu zaidi si kuskani. Ni kuunganisha. Sheria ndogo za marekebisho huandikwa hivi: futa maneno fulani katika aya ya pili ya Jedwali na badala yake weka maneno fulani. Ukizisoma peke yake hazina maana. Zinahitaji kulazwa juu ya sheria ya awali, na matokeo yaonyeshwe yakiwa mamoja, huku ya zamani yakihifadhiwa na tarehe zake. Aliyetozwa Machi anahitaji sheria ilivyokuwa Machi. Kilichoko leo kinaweza kumdanganya. Namba za matangazo nazo huanza upya kila mwaka, hivyo namba bila mwaka haimpeleki mtu popote. Huu ni ufundi wa ukarani wa sheria, wa polepole, na nchi imeonyesha kwenye Toleo la Urekebu kwamba inao.

Pingamizi la kwanza ambalo husikika ni la intaneti. Wengi wa Baray, Kakesio au Piyaya hawana mtandao wa uhakika, na wako wazee wanaoongea Kiiraqw, Kimaasai au Kihadza ambao hawasomi. Ni kweli, na ni sababu ya kuharakisha. Msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ndiye anayeulizwa na wazee hao, na leo hana pa kutafuta. Mtendaji wa kata mwenyewe mara nyingi hana seti kamili. Mtangazaji wa redio ya jamii kama Loliondo FM akiwa na kifungu mbele yake anaweza kukieleza kwa lugha ya wasikilizaji wake. Bila kifungu atasoma taarifa ya ofisi. Hata Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo, ambayo hupitia sheria hizi baada ya kuchapwa na kuripoti zinazokinzana na sheria mama au zenye makosa ya kiuandishi, ingeweza kutafuta kifungu chenye kasoro katika halmashauri zote 184 kwa pigo moja.

Pingamizi la pili ni la uhalali: nakala ya mtandaoni si Gazeti, na mahakama itataka Gazeti. Dawa yake ni kuweka picha ya ukurasa wa Gazeti pembeni ya maandishi yanayotafutika. Moja ni ushahidi, jingine ni njia ya kuufikia.

La tatu halisemwi kwa sauti. Kuna hofu kwamba wananchi wakiisoma sheria watabishana na mapato yatashuka. Siikubali. Ushuru unaotegemea mlipaji asijue ni dhaifu tangu asili, na halmashauri inayoutegemea inajiandalia kesi. Ule wenye tangazo, kifungu na kiwango kilicho wazi hulipwa kwa ubishi mdogo, kwa sababu mbishi anaonyeshwa.

Ndiyo maana nasema zianze sheria ndogo za fedha, na zianze kwa hatua ambayo haihitaji hata mradi: risiti ya POS ichapwe namba na mwaka wa Tangazo la Serikali pamoja na kifungu. Mashine tayari inachapa maneno mengi. Mkusanyaji asiye na tangazo la kuandika hapo atakuwa amejibu swali la uhalali mwenyewe, na mkurugenzi atalazimika kulitafuta. Rasimu mpya zote zitolewe na ofisi ya mwanasheria kama maandishi, siku ileile zinapotangazwa kwa maoni, ili ulinganisho wa rasimu na kilichopita uwezekane.

Zitabaki sheria ndogo za vijiji, na hizi ndizo ninazozihofia. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, halmashauri ya wilaya huridhia. Huwezi kutegemea kuzipata katika Gazeti la Serikali. Nakala ya kijiji hukaa kwenye faili la mtendaji, na mtendaji akihamishwa faili huhama, hupotea au hubaki kwa mtu. Humo ndimo yalimo mambo ambayo kijiji kimeamua chenyewe: mpaka wa malisho ya kiangazi, umbali wa kulima kutoka kwenye chemchemi, faini ya kukata mti, zamu za maji ya mifereji huko bonde la Eyasi. Migogoro ya wakulima na wafugaji inapofika Baraza la Kata, maandishi haya ndiyo yangepaswa kuwa ya kwanza mezani. Lakini kwa kuwa kila moja lazima ipite kwa wilaya ili iridhiwe, ofisi ya mwanasheria wa halmashauri inapaswa kuwa na nakala ya kila sheria iliyoridhiwa, na mihtasari ya vikao vya Baraza inapaswa kuonyesha ni zipi. Karatu inaweza kuanza na orodha tupu: jina la kijiji, jina la sheria, tarehe ya kuridhiwa, nakala ipo au haipo. Orodha hiyo ikiwekwa hadharani, vijiji vyenyewe vitajua cha kudai, na mahali palipoandikwa "haipo" mtendaji ataulizwa na mkutano mkuu sheria anazotozea faini amezitoa wapi.